Muuza vitambaa aliyechungulia choo chake mwenyewe

Usicheke. Najua umeona kichwa cha habari ukakunja pua, lakini na wewe ushawahi kupewa kale kakopo. Kadogo, ka plastiki, kenye kifuniko cha kuzungusha na kijiko kama cha mwanasesere ndani. Daktari anasema nenda ukalete choo, nawe unapita kwenye korido umekafumbata mkononi kama umeiba. Baada ya saa moja hivi unapewa karatasi. Nusu Kiingereza, nusu Kilatini, mwandiko wa haraka, muhuri. Huelewi kitu, unampelekea daktari, anaandika dawa, mchezo umekwisha.

Sasa kuna mtu aliyetangulia kufanya kipimo hicho kabla ya daktari yeyote. Hakuwa na shahada. Hakujua Kilatini. Alikuwa na duka la vitambaa, na choo alichokipima kilikuwa chake mwenyewe. Jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Kulitamka usihangaike sana, ukisema Leivenhuuk Mholanzi atakuelewa.

Kabla sijakupeleka Uholanzi, nikwambie kwa nini huyu mzee ananihusu. Mimi kwetu ni Funzi, kile kisiwa kilicho kusini ya Msambweni unachokifikia kwa boti kutoka Bodo. Siku hizi nimepanga Ukunda, lakini nyumbani ni kule. Kuna kipindi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa miaka minne, aliharisha wiki tatu. Si ile ya kukimbia kila dakika. Choo laini, kama kina mafuta, harufu ya kufukuza watu, tumbo limejaa gesi, na kila ukimbeba unamsikia amekuwa mwepesi zaidi. Bibi yake akasema ni chango, akachemsha majani. Haikusaidia. Dada akachukua choo alfajiri, akakitia kwenye kikopo, akasubiri maji yajae boti ipate kutoka, akavuka, akapanda bodaboda. Kikopo kilifika maabara karibu saa sita mchana. Karatasi ikasema hakuna yai wala sisti iliyoonekana.

Nyumbani tukashukuru Mungu. Mtoto hana kitu! Na mtoto akaendelea kukonda.

Hiyo iweke pembeni kidogo, nitairudia.

Leeuwenhoek alizaliwa katika mji wa Delft mwezi wa Oktoba 1632. Ili upate picha ya zama zile: mwaka mmoja nyuma, 1631, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa alikuwa amewageuka Wareno na kuwanyang'anya Ngome ya Yesu. Ni zama hizo. Baba yake alikuwa msusi wa vikapu, akafa mtoto akiwa bado mdogo, wa miaka mitano au sita. Mama akaolewa tena. Kijana akapelekwa shule mji mwingine, kisha akaishi kwa mjomba, na alipofika miaka 16 akatumwa Amsterdam kwa mfanyabiashara wa vitambaa kujifunza kazi. Shule yake iliishia hapo. Chuo kikuu hakukiona hata mlango.

(Mimi nilisoma kozi ya maabara mihula mitatu kabla karo haijanirudisha nyumbani, kwa hiyo nina upendeleo kidogo kwa watu wa aina hii. Nisamehe.)

Mwaka 1654 alirudi Delft, akamwoa Barbara de Mey, akanunua nyumba na kufungua duka. Walipata watoto watano. Wanne walikufa wangali wadogo, akabaki binti mmoja tu, Maria. Mwaka 1666 Barbara naye akafariki. Baadaye Leeuwenhoek alioa tena, na mke wa pili pia alimzika. Katika maisha yote hayo aliyebaki naye mpaka mwisho ni Maria, ambaye hakuolewa, akawa ndiye mwendeshaji wa nyumba ile yenye mambo ya ajabu.

Mambo ya ajabu yalianzaje? Inaaminika yalianzia dukani. Wauza vitambaa wa enzi zile walikuwa na kioo cha kukuzia, wakikitumia kuhesabu nyuzi ili wajue kitambaa kizuri na cha kubabaisha. Leeuwenhoek akatoka kwenye kuangalia nyuzi akaingia kwenye kutengeneza vioo vyake. Pia alikuwa na bahati moja: mwaka 1660 mji wa Delft ulimpa kazi ya kutunza ukumbi wa mahakimu. Ni kazi ya kufungua milango, kuhakikisha pamesafishwa, kuhakikisha moto umewashwa wakati wa baridi. Mshahara wa uhakika, muda wa kutosha. Nani asingeitaka?

Ukisikia hadubini usifikirie ile ya maabara yenye macho mawili na taa ya umeme. Ya Leeuwenhoek ilikuwa vibati viwili vya shaba au fedha, vidogo kuliko simu yako, katikati kuna lenzi moja ndogo kama tone la umande. Nyuma yake kuna sindano ya kushikia kitu unachotaka kukiona, na parafujo za kusogeza. Unakibana chombo karibu kabisa na jicho, unageukia mwanga, unavumilia. Mojawapo ya hadubini zake iliyobaki hadi leo, ambayo iko Utrecht, inakuza kitu kama mara 270. Hadubini nyingi za wasomi wa wakati ule hazikufika hata karibu na hapo. Alitengeneza lenzi zaidi ya 500 katika maisha yake, na namna alivyozitengeneza zile bora kabisa alikataa kumwambia mtu. Mchoyo wa siri, huyo mzee! Wageni aliwaonyesha hadubini za kawaida, nzuri zaidi akazificha.

Mwaka 1673 daktari mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, aliiandikia Royal Society ya London, kile chama cha wanasayansi, kwamba kuna mtu hapa mjini mwenye vioo kuliko vya wote. Ndipo barua zikaanza. Leeuwenhoek aliandika Kiholanzi cha mtaani, kwa sababu ndicho alichokijua, na wenzake wakatafsiri. Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa moja karibu na mji, akaona vijidudu vinaogelea. Mwaka 1676 akaroweka pilipili manga kwenye maji. Pilipili hiyo ilifika kwao kwa meli kupitia Bahari ya Hindi hii hii yetu. Alitaka kujua kwa nini inawasha ulimi. Alidhani pengine ina miiba midogo. Miiba hakuiona. Aliona bakteria, na kwa kadiri tunavyojua hakuna binadamu aliyewahi kuwaona kabla yake.

London hawakuamini. Wewe ungeamini? Mtunza ukumbi, muuza vitambaa, anasema kwenye tone la maji kuna viumbe maelfu wanaocheza. Hapa ndipo ninapompendea huyu mtu. Hakununa. Alikusanya mashahidi wanane, wakiwemo viongozi wa dini na watu wa sheria, wakachungulia, wakaandika na kutia saini kwamba wameona. Naye Robert Hooke, mwanasayansi mkubwa wa London, akarudia jaribio lenyewe mwaka 1677 mpaka naye akaviona. Mwaka 1680 Royal Society ikamfanya mwanachama. Hakuwahi kuhudhuria mkutano wao hata mmoja.

Basi tufike chooni.

Mwaka 1681, akiwa na miaka kama 49, tumbo lilimsumbua. Wewe na mimi tungenywa dawa tukanyamaza. Yeye alichukua kidogo cha choo chake, akakizimua, akakiweka mbele ya lenzi. Mwezi Novemba akamwandikia Hooke alichokiona. Kulikuwa na vijidudu vinavyosogea vizuri tu, vingine vikubwa kidogo kuliko chembe ya damu, vingine vidogo kidogo. Miili mirefu kuliko upana wake, tumbo bapa, na vitu kama vijiguu kadhaa. Vijiguu vilikwenda mbio lakini mwili ulisonga polepole, mfano wa mdudu anayejaribu kupanda ukuta.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, mtaalamu wa vimelea Mwingereza, Clifford Dobell, alizisoma barua zile kwa Kiholanzi chake cha asili na akaitambua picha. Ni giardia. Ndiyo hiyo hiyo unayoiona kwenye karatasi yako, imefupishwa kwa herufi G na jina refu la pili.

Lakini kuona si jambo lililonishangaza zaidi. Wengi wanaona. Kilichonishangaza ni kwamba hakupima mara moja akafunga kazi. Alipima choo chake kikiwa kigumu cha kawaida, akapima kikiwa chepesi, akalinganisha. Akaandika kwamba kwenye kile kigumu vijidudu vile hakuviona. Aliviona siku ambazo choo kililegea. Na hakusema kwamba ndivyo vilivyomfanya aharishe. Aliandika alichokiona, akaishia hapo. Fikra kwamba kijidudu kinaweza kuleta ugonjwa ilikuja kushika mizizi karibu miaka 200 baada yake, enzi za akina Pasteur na Koch.

Sasa rudi kwa mpwa wangu.

Giardia ina sura mbili. Ya kwanza ni ile hai inayoogelea, maabara wanaiita trofozoiti. Hiyo ndiyo aliyoiona Leeuwenhoek, na ndiyo inayojaa kwenye choo chepesi. Ya pili ni sisti: kimelea kimejikunja ndani ya ganda gumu, kinasubiri kumezwa na mtu mwingine kwenye maji machafu. Sisti hupatikana zaidi kwenye choo kilichoanza kushikana, nayo inavumilia. Trofozoiti haivumilii. Ikitoka nje ya mwili huanza kufa, na choo chepesi kinatakiwa kifike chini ya hadubini ndani ya nusu saa hivi. Choo cha mtoto wetu kilikuwa chepesi, kikangoja maji yajae, kikavuka bahari, kikapigwa na jua la pikipiki. Kilipofika kilikuwa na maiti tu, na maiti ya trofozoiti haitambuliki kirahisi. Mtu wa maabara alisema kweli tupu: hakuona kitu. Sisi ndio tuliosoma kwamba hakuna kitu.

Tena hata sampuli ikiwa mbichi, giardia haitoki kila siku. Leo imo, kesho haimo. Ndiyo maana dalili zikiendelea daktari anaweza kuomba choo mara tatu, siku tofauti. Tone linalowekwa kwenye kioo ni dogo kuliko punje ya mchele, na wewe utumbo wako una mita kadhaa. Dada alirudi na mtoto mwenyewe badala ya kikopo, akasubiri pale pale mpaka mtoto akaenda haja. Safari hiyo giardia ilionekana, inaogelea.

Kuna na makosa ya upande wa pili, ya kuona kitu na kukurupuka. Rafiki yangu mmoja aliona kwenye karatasi Entamoeba coli, akakimbilia duka la dawa akanunua Flagyl. Kumbe huyo ni mpangaji asiye na madhara, anaishi utumbo mkubwa wa watu wengi bila kumsumbua mtu. Wala si ile bakteria E. coli, wamefanana jina tu. Amiba mbaya ni Entamoeba histolytica, na huyo ana pacha asiye na madhara ambaye chini ya hadubini sisti zao ni sawa kabisa. Anayempa mbaya dalili ni yule trofozoiti aliyemeza chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo karatasi ikiandika amiba, mwulize daktari ni yupi, na kama choo kilikuwa na damu au kamasi. Chembe za usaha zikiandikwa, maana yake utumbo umewaka mahali, haikutajii aliyewasha.

Mayai ni habari nyingine. Safura, michango, mchango-mjeledi, kila mmoja ana yai lake na umbo lake, na fundi mzoefu anawatofautisha kama wewe unavyotofautisha changu na tafi. Hapa Kwale hilo si jambo la vitabuni. Kati ya 2015 na 2017 kaunti yetu ilikuwa na utafiti mkubwa uliojulikana kama TUMIKIA, wa kulinganisha kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule peke yao na kuwapa watu wote kijijini. Walipopewa wote mara mbili kwa mwaka, waliokutwa na safura walishuka kutoka karibu asilimia 20 hadi karibu 6. Hesabu kama hiyo hutoka kwenye choo: kipande cha miligramu 41.7 kinatandazwa kwenye kioo, mayai yanahesabiwa, unazidisha kwa 24 upate mayai kwa kila gramu. Na lazima uwahi, kwa sababu yai la safura kwenye kioo cha namna hiyo hupotea machoni ndani ya saa moja hivi. Leeuwenhoek angeipenda hesabu hii. Alizoea kulinganisha vijidudu vyake na punje ya mchanga, akipiga hesabu ni vingapi vitajaa ndani yake.

Na kichocho je, mbona husikii kwenye kipimo cha choo? Kwa sababu kichocho cha huku Pwani mayai yake hutoka kwa mkojo. Ukiwa unakojoa damu, choo chako kitakuwa safi na wewe bado mgonjwa. Peleka mkojo, na mkojo wenyewe uwe wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hapo ndipo mayai hutoka kwa wingi.

Kile kipimo cha H. pylori ambacho siku hizi kila mwenye vidonda vya tumbo anaambiwa afanye, hakina hadubini kabisa. Kinatafuta protini ya bakteria kwenye choo. Ukiwa umemeza omeprazole ndani ya wiki mbili zilizopita, au antibiotiki ndani ya mwezi, kinaweza kukosa kitu kilichomo. Sema ukweli kwa daktari kuhusu ulichomeza, hata kama ulikinunua kimya kimya.

Tumwache mzee apumzike basi, ila hakupumzika mapema. Mwaka 1683 aliukwangua utando wa meno yake na kuuona umejaa vijidudu. Mwaka 1698, mwaka uleule Waomani walipowatoa Wareno Ngome ya Yesu, mfalme Peter wa Urusi alipita Delft kwa mashua, akamwita akamwonyesha damu inavyozunguka kwenye mkia wa mkunga. Watu walianza kumsumbua wakitaka kuchungulia, naye akawa mkali kidogo, kama wazee wetu wanapoombwa picha na watalii.

Alifika miaka 90 akiwa bado anaandika. Ugonjwa wake wa mwisho ulikuwa mtikisiko wa misuli chini ya kifua, unakuja na kuondoka, unamkata pumzi. Nao aliupima. Madaktari walisema ni moyo; yeye akahesabu mapigo yake wakati wa mtikisiko, akaona moyo unakwenda kawaida, akawaandikia London kwamba wamekosea, shida iko kwenye kiwambo cha kupumulia. Hadi leo ugonjwa huo adimu unaitwa kwa jina lake. Siku za mwisho kabisa alimwomba rafiki yake atafsiri barua mbili kwa Kilatini zipelekwe London. Akafariki tarehe 26 Agosti 1723, akazikwa katika Kanisa la Kale la Delft.

Maria alitimiza ahadi ya baba. Alituma London kikabati chenye hadubini 26 za fedha, kila moja ikiwa na kitu tayari mbele ya lenzi. Royal Society walizipokea, wakazitunza miaka mingi, na katika karne ya 19 zikapotea. Hakuna iliyopatikana tena.